Bangili Nyeusi na Sumaku ya Pini

"Wifi, unang'ang'ania nini? Bangili nyeusi kama kitako cha sufuria!"

"Nyeusi au nyekundu, ni ya mama mkwe wangu. Haitoki."

"Mama mkwe wako ndiye mama yangu mzazi! Kati yetu nani alimjua zaidi?"

Mama Fundi alikata uzi kwa meno. Mashine yake ya kushona ilikuwa imenyamaza tangu asubuhi. Gauni la harusi la bintiye lilining'inia mlangoni bila vifungo, na harusi yenyewe ilikuwa Jumamosi. Mezani, juu ya vipande vya vitambaa, zilimetameta bangili sita mpya. Mwenyewe, mchuuzi wa vito, alikaa kizingitini akinywa maji aliyopewa. Sharti lake lilikuwa jepesi: awape zote sita, wampe ile moja kuukuu. Leo tu, kesho anahamia mtaa mwingine.

"Mtu anayetoa sita kwa moja ama ni malaika ama ni mwizi," alisema Mama Fundi kwa sauti ya kusikika hadi kizingitini. "Na mabawa sijayaona."

"Sikiliza, mwanangu," wifi alimgeukia bibi harusi. "Ukweni watakutazama mkono kabla ya uso. Utawaonyesha hilo pete la kufungia ng'ombe?"

Binti aliigeuza bangili mkononi. Marehemu bibi yake alimwachia yeye peke yake, akamwambia ni fedha tupu. Hakutaka kuitupa, lakini hakutaka kuchekwa pia.

"Shangazi, mama, tuipime," alisema. "Shuleni tulifundishwa kwamba fedha haishikwi na sumaku."

Sumaku ilikuwepo, ile ambayo Mama Fundi huokotea pini zilizomwagika sakafuni. Aliipitisha juu ya bangili mpya. Ikateleza kama iliyopakwa sabuni. Akaisogeza kwenye ile nyeusi.

Tak! Ikanasa.

Wifi alipiga kigelegele. "Chuma! Mama yangu, Mungu amrehemu, alitupiga chenga sote!"

Miaka yote Mama Fundi amemwambia mwanawe kwamba ile ni fedha, kumbe alikuwa akimlisha maneno matupu! Lakini yeye hakuwa mtu wa kuzungusha ukweli, hata ukweli ukimchoma mwenyewe.

"Basi, nimeshindwa," alisema. "Mpelekee mchuuzi."

Binti alinyanyuka kwa shingo upande. Akaivuta bangili ili kuibandua kwenye sumaku, nayo ikazunguka badala ya kutoka. Ilikuwa imeshikwa mahali pamoja tu, penye bawaba, pale inapofungukia. Kwingine kote ilicheza ovyo.

"Hebu lete!" Mama Fundi aliinyakua, akaisogeza dirishani na kuikazia macho. Ndani ya bawaba kulikuwa na kijiti chembamba chenye kitundu kidogo karibu na ncha. Vijiti vya aina hiyo alivishika kila siku ya Mungu. Akaangua kicheko. "Wifi, mama yako alikuwa fundi kuliko mimi! Bawaba ilivunjika, akaitengeneza kwa sindano ya mashine!"

Wifi alichungulia, mdomo wazi. "Ndiye huyo huyo! Mama angeweza kushona hata ndoa iliyochanika."

"Usishangilie bado. Sindano tumeijua; bangili hatujaijua."

Alisaga chaki nyeupe ya kuchoria vitambaa, akailowesha kidogo, akasugua ile nyeusi kwa kitambaa. Weusi ukahamia kwenye kitambaa, na chini yake ikatoka fedha nyeupe, tulivu, isiyo na papara. Akasugua mojawapo ya zile mpya. Mara ya tatu tu weupe ukabanduka, shaba ya manjano ikachomoza.

"Mama!" mchuuzi alifoka. "Unaniharibia mali!"

"Sijaiharibu, nimeiosha uso. Kama uso umetoka na maji, lawama si yangu."

Wifi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa khanga. "Jamani, nilikuwa nauza urithi kwa rangi!" Hakungoja kuambiwa. Alizikusanya bangili sita, akampakatisha mchuuzi na kumnyooshea barabara. "Safari njema, malaika. Ruka taratibu."

Mchuuzi alishika njia. Binti alikuwa amekwisha kunyoosha mkono, na mama yake akamvisha bangili ya bibi papo hapo, akaifunga, bawaba ikalia ka!

"Watazame mkono sasa," alisema binti, akicheka.

Wifi akapiga kigelegele cha pili, hiki cha haki, na Mama Fundi akaketi kwenye mashine kuanza vifungo. Hakika, usiache mbachao kwa msala upitao.