Mbuzi wa Kukabidhi

Hapo zamani, na nikisema zamani msianze kutafuta mazimwi na majini, maana zamani yangu hii ilikuwa na simu za mkononi na barabara ya vumbi, palikuwa na mama mmoja aitwaye Nakunda. Aliishi kwenye kijiji cha milimani, kule ambako ukungu hauagi mpaka jua liufukuze. Sogeeni basi. Mwenye kikohozi akohoe sasa, nikishaanza sirudi nyuma.

Nakunda alikuwa na mume, Zefania. Zefania alikuwa na mbuzi jike, Mkesha. Aliitwa Mkesha kwa sababu alizaliwa mkesha wa Krismasi, watu wakiwa kanisani, na kwa kuwa mama yake alimkataa, alilelewa jikoni kwa maziwa ya chupa. Zefania alikuwa na mluzi wake wa kumwitia: miwili mirefu, halafu mmoja mfupi unaopanda mwishoni, kama mtu anayeuliza, "Upo?" Na Mkesha, awe bondeni, awe kwenye shamba la watu akiiba, aliitika. Mee! Yupo.

"Mimi unaniita mpaka unachoka," Nakunda alikuwa akimtania mumewe, "huyo anaitwa mara moja. Basi na chakula akupikie yeye."

Zefania alicheka tu. Kwake Mkesha alikuwa nyongo mkalia ini.

Siku zikaenda, macho ya Zefania yakageuka manjano. Akajikuna usiku na mchana, mkojo ukawa na rangi ya chai kavu. Hospitalini wakamweleza Nakunda taratibu: nyongo hutengenezwa kwenye ini, hupita kwenye kijia chembamba kuliko kalamu, hushuka kwenye utumbo. Kijia cha mumewe kilikuwa kimejaa makovu, kimeziba, na nyongo ilikuwa inarudi kwenye damu.

"Si mkibadilishe?" akauliza Nakunda.

"Mama, mguu wa bandia tunao, meno ya bandia tunayo. Kijia cha nyongo cha kuweka badala yake hatuna."

Zefania akarudishwa nyumbani, akafa mahindi yakichanua.

Baada ya matanga, kila jioni Mkesha alisimama mlangoni mwa zizi, masikio mbele, akiutazama ujia unaotoka shambani. Nakunda hakuweza kumwita. Kwao mwanamke hapigi mluzi. Alikanywa tangu utotoni, akakanyika, hata hakuwahi kujaribu. Mluzi wa mumewe aliujua kwa masikio tu. Basi wawili hao walikaa jioni nzima, mmoja ndani ya zizi na mmoja nje, wakisikilizia kitu ambacho hakikuja. Jamani, kumkosa mtu ni uchungu. Kumkosa pamoja na mnyama anayeamini kwamba atarudi, hiyo ni adhabu.

Sasa, chini ya kijiji palikuwa na kituo cha utafiti wa mifugo, na pale kituoni alikuwepo mpasuaji, Daktari Elisaria, mwana wa milima ile ile. Huyu alikuwa anakitafuta kile ambacho Zefania alikikosa. Alichukua kipande cha mshipa wa damu shingoni mwa mbuzi, akakisafisha, akakata kijia cha nyongo cha mbuzi huyo huyo, akaushona ule mshipa mahali pake. Mbuzi wa kwanza alishonwa, akafa. Wa pili alishonwa, akafa. Wa tatu alishonwa, akaamka, akala, akanenepa, watu wakataka kupiga vigelegele. Halafu macho yakageuka manjano, naye akafa. Walipomfungua wakakuta kovu lilikuwa limekua kimya kimya ndani ya ule mshipa, likaufunga.

Daktari akapanda kijijini kutafuta mbuzi wa milimani, wenye miili migumu. Nakunda alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaenda zizini akamtoa Mkesha.

"We Nakunda, si unao wengine?" majirani wakashangaa.

"Natoa kwa ajili ya Zefania," akasema. "Kwa Zefania sitoi kibovu."

Hayo aliyasema kwa mdomo. Moyoni kulikuwa na lingine: alikuwa amechoka kumwona yule mbuzi akingoja.

Tegeni masikio hapa, maana kesi yote imelala hapa. Watu wale hawagawi mnyama hivi hivi. Hukabidhiana. Mwenye mnyama hufunga kishungi cha nyasi mbichi kwenye kamba na kuikabidhi. Anayepokea atakunywa maziwa, atatumia samadi, lakini mnyama ni wa mwenyewe, na siku akitakiwa hurudi.

"Nakukabidhi akiwa na pumzi," alisema Nakunda.

Daktari angeweza kusema, "Mama, niuzie." Angeweza kusema, "Mama, mbuzi wangu hawarudi." Hakusema. Aliipokea kamba kwa mikono miwili, akajibu kama babu zake walivyojibu: "Nimempokea akiwa na pumzi. Akiishi, atarudi kwa miguu yake. Akifa, itarudi ngozi yake."

Kwa nini hakusema? Kwa sababu mbuzi wake wote walikuwa wamekufa. Alipoishika ile kamba, moyoni alikwisha kuiona ngozi, na ngozi desturi inairuhusu. Kwamba mbuzi angepona, hilo halikumjia hata yeye aliyekuwa akiliomba kila siku.

Mkesha akashonwa. Akaamka. Lakini alikataa majani, akakataa pumba, akakataa maji, akalaza kichwa sakafuni.

Hapo ndipo anapoingia Aikande. Aikande alikuwa mke kijana wa bonde la pili. Aliwahi kupasuliwa kwa ajili ya mawe ya nyongo, na katika kupasuliwa huko kijia chake kikakatwa kwa bahati mbaya. Madaktari wakavuta utumbo, wakauunganisha na ini, ukashika, ukaziba. Wakarudia, ukashika, ukaziba. Sasa nyongo yake ilitokea ubavuni kwa mpira mwembamba, ikaingia kwenye mfuko aliouficha ndani ya khanga. Alikuwa amerudi kwao, na mumewe alimtumia salamu kila Jumapili: njoo nyumbani hivyo hivyo ulivyo. Yeye akasema harudi na mfuko. Alivyovitamani vilikuwa vidogo kabisa: kulala kifudifudi. Kubeba mtoto ubavuni. Lakini homa zilikuwa zinamjia, na kila homa ilimwacha mwembamba kuliko iliyotangulia.

Alikwenda kwa Daktari Elisaria, naye akamwambia ukweli: "Dada yangu, bado sina cha kukupa. Nina mbuzi tu."

"Basi nionyeshe huyo mbuzi."

Alipomwona Mkesha amelaza kichwa hakuondoka tena. Akawa anamkatia majani machanga na kumlisha kwa mkono. Mbuzi hataki. Nakunda naye alikuwa ameteremka kumtazama mbuzi wake, wakakutana pale zizini.

"Nyumbani alikuwa anaitwaje, bibi?" Aikande akauliza.

"Kwa mluzi wa marehemu. Mimi siuwezi."

"Mimi naweza. Nimechunga na kaka zangu, nimetandikwa sana kwa miluzi. Uimbe, niufuate."

Nakunda akaona aibu, akatazama huku na huku, akauimba kwa sauti ya puani. Aikande akapiga. "Siyo huo," akasema Nakunda. Akapiga tena. "Siyo. Wa mwisho unapanda. Kama anauliza." Aikande akalamba midomo, akapiga: miwili mirefu, mmoja mfupi, ukapanda.

Mkesha akainua kichwa. Mee!

Nakunda akakaa chini pale pale kwenye samadi, akajifunika uso kwa khanga, akalia kilio ambacho kwenye matanga hakikutoka. Alipotulia akasema, "Piga tena, mjukuu wangu. Nisamehe. Piga tena." Mbuzi akala siku ile. Kesho yake akala, akanywa. Na tangu hapo Nakunda alikuwa akiteremka kila mara na visingizio vyake: leo kaleta ndizi, kesho kaja kuulizia dawa ya minyoo. Minyoo gani! Alikuwa anakuja kumsikiliza mumewe.

Vuli ikaja, ikapita. Macho ya Mkesha meupe. Masika yakaja, yakapita. Macho ya Mkesha meupe. Vuli nyingine ikaja, Mkesha akavunja ua na kula maharage ya mlinzi, na hata mlinzi, aliyekuwa na haki ya kukasirika, alisema mbuzi mgonjwa hali namna ile. Amepona.

Nakunda akateremka na kamba yake, na kishungi cha nyasi mbichi. "Nimemfuata mbuzi wangu."

Daktari Elisaria akainamisha kichwa. Mambo yakaingia nyongo siku hiyo. Maneno yakawa maneno, mpaka mwenyekiti wa kitongoji akaitwa, watu wakajaa kwenye uwanja wa kituo, Mkesha katikati, na mwenyekiti ameishika kamba.

Nakunda akasimama. "Mimi sina mengi. Maneno yalisemwa, na wapo waliosikia. Akifa, itarudi ngozi. Hakufa. Akiishi, atarudi kwa miguu yake. Miguu hiyo hapo. Bila mimi, huyu daktari asingekuwa na mbuzi wa kupona. Nipeni mbuzi wangu."

Watu wakasema: kweli, Nakunda ana haki.

Daktari akasimama. "Shikamoo, mama. Maneno niliyasema, sikatai, na nilikosa kwa kutokukwambia yaliyobaki. Lakini bila mkono wangu isingekuwepo ile njia iliyo ndani yake. Na ile njia sijaiona. Picha za mashine zinaonyesha nyongo inapita. Hazionyeshi kovu linalojiandaa. Wa tatu naye picha zake zilikuwa nzuri. Lazima nimfungue, nikikate kile kijia, nikitazame kwa darubini, naye hatainuka tena. Nikikuta kimekuwa kijia kweli, kesho yake namshonea mtu. Bila kuona, simshonei mtu. Siwezi kumjaribia mtoto wa mwenzangu."

"Si umfungue mwingine?" mtu akapaza sauti.

"Mwingine naanza naye leo. Mpaka afike alipofika Mkesha, vuli na masika zote zipite tena." Hapo watu wote wakamtazama Aikande, halafu wakaona aibu, wakatazama chini.

Watu wakasema: kweli, daktari naye ana haki.

Aikande akasimama, mkono ubavuni. "Shikamooni. Bila mimi angekufa kwa njaa, na ngozi ingekuwa imesharudi. Kwa hiyo na mimi nina fungu langu kwake. Sitawadanganya. Mkinipa kamba, nampa daktari. Nampenda huyu mbuzi, amekula kwenye mkono huu. Lakini nataka kuishi. Nataka kurudi kwangu, nilale kitandani kwangu kama watu." Akamgeukia Nakunda. "Bibi, nisamehe."

Na watu, wale wale, wakasema: kweli, Aikande naye ana haki. Mwenyekiti akafoka, "Nyie mna haki ngapi mfukoni?"

Mzee mmoja akashauri mbuzi aachiwe, kila mmoja amwite, atakayemfuata ndiye. Aikande akatikisa kichwa. Nakunda akaruka kabla hajasema: "Hapana! Mluzi ule hautatumika kumwitia kisu."

Kwa kutamka hivyo alijisikia mwenyewe. Duniani kote palibaki sikio moja lililoujua mluzi wa Zefania kama anavyoujua yeye, na lilikuwa la mbuzi. Na palibaki mdomo mmoja ulioweza kuupiga, na ulikuwa wa huyu binti anayekonda. Akimchukua Mkesha, sikio litabaki, na mdomo utanyamaza siku moja katika homa. Akimwacha, huenda mdomo ukabaki, ukapiga miwili mirefu na mmoja unaopanda, na zizi lisiitike. Alimtamani Zefania pale uwanjani kuliko siku aliyomzika. Angekuwepo angemuuliza, baba, nifanye nini? Lakini angekuwepo, kesi isingekuwepo.

Mkesha, aliyekuwa amechoka na maneno ya watu, akageuka kuelekea ujia unaoshuka kutoka kijijini. Akasimamisha masikio mbele, kama zile jioni za zizini, akangoja. Aikande akaiuma midomo yake, akaishika kwa meno. Nakunda akafunga macho, akisikilizia. Daktari Elisaria hakupata pa kuyaweka macho yake.

Mwenyekiti akaitazama kamba mkononi mwake, akamtazama mmoja, akamtazama wa pili, akamtazama wa tatu. Akasema, "Mimi nimeshindwa. Hebu nisaidieni."

Mkono wake unauma, jamaa zangu, na mbuzi bado anangoja. Je, kamba ile alistahili kupewa nani: yule aliyemkabidhi, yule aliyemshona, au yule aliyemwita akaitika?