Kibali cha Barabara Yote

Maiti haombi kibali.

Juzi mlilisikia neno hili kwa mtendaji wa kata, mkarudi nyumbani mmenuna. Mlikwenda kuomba ruhusa ya msafara wa harusi ya dada yenu Zaituni, pikipiki arobaini na matarumbeta, mkataka barabara ifungwe pande zote mbili. Mtendaji akawapa upande mmoja. Mlipobisha akawaambia hivyo tu, akafunga daftari lake. Ndipo Mwajabu akaja kuniuliza, "Bibi, maiti na harusi yetu wapi na wapi?"

Kaeni basi, wajukuu zangu. Neno hili lina mji wake na lina mtu aliyelisema kwanza, nami nitawaeleza lilivyozaliwa.

Lakini kwanza nawategea. Kitendawili! Ni yangu, ni yako, ni ya jirani, lakini ukikaa humo utaambiwa ondoka. Mwajabu amesema msikiti. Nani alikufukuza msikitini, mwanangu? Mwingine amesema shamba la babu. Hilo kweli mtafukuzwa, ila si la jirani. Nipeni mji. Haya, jibu ni barabara. Sasa twende.

Zamani, mji wa Msufini ulikuwa na barabara moja tu ya maana. Ilianza mtaa wa juu, ikapita katikati ya maduka, ikavuka daraja, na ng'ambo ya daraja ikagawanyika: kulia kiwanja cha Bomani, kushoto makaburini. Kila upande wa barabara palikuwa na mtaro wa maji machafu, wenye kina cha kufika gotini. Ukitaka kukwepa barabara hiyo, ulizunguka bondeni, na bondeni palikuwa matope matupu mwaka mzima.

Wanawake wa Msufini walikuwa na vyama viwili vya lelemama, ngoma ya akina mama. Kimoja kiliitwa Rihani, wenyewe wakivaa kijani. Kingine Asumini, wenyewe wakivaa nyeupe. Kila mwaka baada ya mavuno vyama hivi vilishindana. Kila chama kilitoka kwao kwa ngoma na zumari, kikaandamana mpaka Bomani, na huko wazee watatu wakaamua nani mshindi. Sheria za ngoma zilikuwa chache, lakini hazikuwa na huruma. Ngoma ikishatoka nyumbani hainyamazi mpaka ifike kiwanjani. Ikinyamaza njiani, imeshindwa. Walioshindwa huwapikia washindi pilau na kuwanawisha mikono. Na chama kikishindwa miaka mitatu mfululizo, hukunja bendera yake, kikafa, watu wake wakatawanyika.

Rihani walikuwa wameshindwa miaka miwili.

Kiongozi wao aliitwa Bi Mwanakheri, na kwa cheo cha ngoma aliitwa Bi Kwini. Chama alikianzisha mama yake mzazi, na bendera ya kijani aliishona kwa mikono yake. Mama alipofariki, bendera ikabaki kwa binti. Kwa hiyo mwaka ule wa tatu Bi Mwanakheri hakulala vizuri wala hakula vizuri. Alikuwa na jambo moja kichwani: mwaka uliopita Rihani walipita upande mmoja wa barabara, safu nyembamba za watu wanne wanne, na wale Asumini wakasimama vibarazani wakawaimbia, "Siafu hao, siafu hao, wamefuata sukari!" Watu walicheka, hata waamuzi, habari ilipowafika Bomani, wakacheka. Bi Mwanakheri akaapa kuwa safari hii watapita safu za watu kumi na wawili, bega kwa bega, mikono imeshikana, kutoka mtaro hadi mtaro.

Wakati huo baraza la mji lilikuwa limeweka sheria za maandamano. Mwenye ngoma, mwenye harusi, mwenye mkutano, wote waliandika barua siku saba kabla. Wataje njia watakayopita, saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Wasipige ngoma mbele ya hospitali wala mahakama. Waache upande mmoja wa barabara wazi. Mazishi peke yake hayakuandikiwa barua. Karani wa mambo hayo alikuwa Bwana Lusewa, mtu mwembamba wa maneno machache, aliyepiga kila mstari kwa rula hata kama ni wa kuorodhesha vifagio vya ofisi.

Bi Mwanakheri alifika kwake siku kumi kabla. Lusewa akasoma barua, akatikisa kichwa.

"Bi Kwini, hapa umeandika barabara yote."

"Ndivyo nilivyoandika."

"Sheria inasema upande mmoja."

"Sheria ilitungwa na watu, Bwana Lusewa. Mwenyekiti wa baraza ni mtu, na mkewe ni wa Rihani, safu ya mbele."

Na kweli, siku ya pili Bi Mwanakheri alirudi na karatasi ya mwenyekiti. Lusewa akachukua rula yake, akaiweka juu ya ule mstari wa kuacha upande mmoja, akaukata kwa wino mwekundu. Akagonga muhuri. Akasema, "Barabara yote, kuanzia alasiri mpaka magharibi. Unitolee shaka moja tu. Akija mtu mwingine apite wapi?"

"Mtu gani? Mji wote utakuwa kwenye ngoma!"

Hapo hakusema uongo. Siku ilipofika mji wote ulikuwa kwenye ngoma. Maduka yalifungwa, watu wakajaa vibarazani na juu ya mapipa. Shangazi yangu alikuwa safu ya tatu, na mpaka uzeeni akikumbuka siku ile alinyoosha mgongo. Zumari ililia, ngoma sita zikajibu, na wanawake themanini wa kijani wakaijaza barabara kama maji yanavyojaza mfereji. Hata Asumini, waliokwisha kupita mapema na sasa walikuwa wanatazama, walikosa la kuimba. Bi Mwanakheri alitangulia mbele, kibali amekikunja kwenye pindo la kanga yake. Daraja likaanza kuonekana. Alijua ameshinda.

Basi asubuhi ileile, katika kichumba cha uani nyuma ya soko, alikuwa amefariki Mzee Feruzi. Huyu alikuwa fundi wa kuziba masufuria yaliyotoboka. Alikuja mjini peke yake akiwa kijana, akazeeka peke yake, hakuwa na mke wala mtoto. Walimwosha na kumkafini wazee wenzake, wakamsalia baada ya alasiri. Na kwa kuwa mji wote ulikuwa kwenye ngoma, waliopatikana kumzika walikuwa tisa tu, mdogo wao ana mvi. Wakaliinua jeneza, wakapita uchochoro wa wauza samaki, wakatokeza barabarani hatua chache kabla ya daraja, ubavuni mwa Rihani, usawa wa safu ya tatu.

Mnajua ada za mazishi. Jeneza likishainuliwa halirudi nyuma, wala haliwekwi chini njiani. Na ngoma nayo nimewaambia ada yake. Vikakutana vitu viwili visivyoweza kurudi nyuma.

Aliyeshika mti wa mbele wa jeneza alikuwa Mzee Songoro, rafiki wa marehemu.

"Tupisheni, wanangu," akasema.

Bi Mwanakheri akageuka, akawajia akicheza, maana hakuthubutu kusimama. Nyuma yake ngoma zinanguruma, ikabidi apaze sauti. "Poleni, baba zangu! Piteni bondeni!"

"Bondeni matope yanafika hapa, na sisi unatuona. Tutaanguka naye."

"Basi ngojeni uchochoroni tupite. Hatukai!"

"Mama, nyinyi ni themanini na mnakwenda mwendo wa bibi harusi. Jua lile linazama. Nimzike Feruzi kwa taa?"

Kibarazani mwanamke mmoja wa Asumini akaliona lile jambo mapema kuliko wengine. Akapiga kigelegele. "Nyamazisheni ngoma, Rihani! Nyamazisheni! Mimi pilau langu lisikose hiliki!" Wenzake wakaangua kicheko.

Kicheko kile kilimchoma Bi Mwanakheri. Akafungua pindo la kanga, akatoa kibali, akakikunjua mbele ya uso wa Mzee Songoro, ambaye hata kusoma hakujua.

"Muhuri huu hapa! Barabara yote, mtaro hadi mtaro, mpaka magharibi! Nimeandika barua, nimengoja, nimepewa. Nyinyi kibali chenu kiko wapi?"

Mzee Songoro akahamisha mti wa jeneza kutoka bega la kulia kwenda la kushoto. Hakukasirika. Alisema kama mtu anayeomba radhi kwa niaba ya mwenzake.

"Bi Kwini, Feruzi angejua, angekuja mwenyewe kuandika siku saba kabla. Lakini maiti haombi kibali."

Shangazi aliniambia kuwa walioko safu za mbele wote walilisikia neno lile, na miguu yao ikaanza kupotea. Mmoja alikumbuka sufuria yake iliyozibwa mwezi uliopita. Mwingine alimkumbuka baba yake. Bi Mwanakheri aliitazama bendera ya mama yake ikipepea juu ya safu. Aliwatazama wale wazee tisa, na mmoja wao magoti yalikuwa yanamtetemeka. Alijua vizuri sana kitakachokufa akiinua mkono.

Akauinua.

Zumari ikakatika. Ngoma zikafuata, moja baada ya nyingine, na ya mwisho ikajigonga peke yake mara mbili kabla haijaelewa. Kisha kimya. Hata kwenye vibaraza vicheko vilikauka.

Lakini kunyamaza hakukutosha, maana barabara ilikuwa imejaa, na wa mbele wakisogea wangeziba daraja, wakirudi wangewakanyaga wenzao. Hapakuwa na upande. Bi Mwanakheri akavua viatu, akakusanya nguo yake mpya ya kijani, akateremka mtaroni. Maji meusi yakamfika magotini. Safu ya kwanza ikamfuata, sita kulia, sita kushoto, kisha ya pili, kisha ya tatu, mpaka nafasi ikapatikana. Jeneza likapita katikati, likielekea darajani. Hapo yule mzee wa magoti akayumba. Wapiga ngoma sita wa Rihani, ambao walikuwa wanaume, wakaweka ngoma zao chini katikati ya barabara, wakakimbia kutia mabega. Kutoka vibarazani wanaume wakashuka mmoja mmoja, na jeneza lililotoka na watu tisa likavuka daraja na watu wasiohesabika.

Wanawake walibaki mtaroni mpaka walipolipoteza kwa macho.

Walipofika Bomani, wameloa na wananuka, waamuzi walikuwa wameshapata habari. Mmoja alitaka wasamehewe. Wawili wakakataa, wakasema ngoma iliyonyamaza njiani imeshindwa, na sheria haikusema imenyamaza kwa sababu gani. Bi Mwanakheri hakubishana. Aliishusha bendera, akaikunja mara nne, akaikumbatia kifuani kama mtoto aliyelala. Chama cha Rihani kikawa kimekufa, wajukuu zangu. Hakikufufuka tena.

Siku ya pilau, yeye mwenyewe ndiye aliyeshika birika na bakuli akawanawisha washindi. Alipofika kwa Bi Nuruana, kiongozi wa Asumini, yule mama akamshika kifundo cha mkono maji yakiwa yanamiminika.

"Mwenzangu, niambie kweli. Ingekuwa ni mimi, ningesimamisha ngoma?"

"Sijui, dada."

"Mimi najua," akasema Bi Nuruana. "Nisingesimamisha. Kaa hapa tule wote." Akamsogezea mkeka.

Kesho yake Bi Mwanakheri akaenda kwa karani.

"Bwana Lusewa, ule mstari ulioukata kwa rula, naomba uurudishe."

"Kwa ajili ya nani? Chama chako kimekwisha."

"Kwa ajili ya atakayekuja."

Lusewa akaurudisha, na safari hii akauandika juu kabisa, kabla ya ule wa barua na siku saba. Tangu hapo Msufini hakuna aliyepewa barabara yote. Alikuja tajiri wa mabasi na harusi yake, akanyimwa. Alikuja mkubwa mmoja na msafara wake wa magari, akanyimwa. Waliokasirika waliambiwa maneno matatu tu, yale ya Mzee Songoro.

Kisha neno likatoka barabarani likaingia majumbani. Mtu akijaza siku yake kazi mpaka haina nafasi ya mgeni, huambiwa. Mtu akigawa shamba lote kwa mazao bila kuacha njia, huambiwa. Maana mambo mengi hupiga hodi na kungoja, na hayo hayana taabu. Taabu ni lile lisilopiga hodi. Hilo huwezi kulipangia saa, lakini unaweza kuliachia upande.

Basi na nyinyi pigeni matarumbeta yenu, mumpeleke Zaituni kwa shangwe, nami nitakuwa kwenye pikipiki ya kwanza, nimeshika kofia kwa mikono miwili. Lakini piteni upande mmoja. Na atakayewauliza kwa nini ule mwingine mmeuacha mtupu, msimweleze mambo mengi.

Maiti haombi kibali.