Fundi Aliyenunua Boti

Wapendwa, fungeni Biblia zenu kidogo, mziweke mapajani. Somo tumelisikia. Sasa nataka niwasimulie habari ya mtu mmoja, na naomba msiniulize anaishi wapi wala anasali usharika gani. Mkianza kumtafuta kwa anwani mtamkuta mbali, na mimi nataka mumkute karibu.

Kulikuwa na fundi mmoja wa majokofu, katika mji ulio kando ya ziwa. Viwanda vya samaki vyote vya mji ule vilimjua. Chumba cha baridi kikiharibika, na minofu imejaa hadi mlangoni, aliyeitwa ni yeye. Alikuwa akiinama, anaweka sikio kwenye mashine kama daktari anavyosikiliza kifua cha mgonjwa, halafu ananyoosha kidole: "Hapa." Na ikifunguliwa, tatizo liko pale pale. Mtu wa namna hiyo, mwaka hadi mwaka, anazoea kuwa sahihi. Kuzoea kuwa sahihi si dhambi, lakini ni jambo la kuliangalia.

Alikuwa na mke, na binti mdogo wa chekechea aliyeitwa Mkami, na mtoto mchanga wa kiume ambaye bado alikuwa wa kubebwa mgongoni. Aliwapenda. Naomba mlishike hilo, kwa sababu habari hii haimhusu mtu mbaya. Yeye mwenyewe alikulia kando ya ziwa lile lile, akitazama boti za watu zikipita na watoto wa watu wakipunga mikono. Akajiapia moyoni kwamba siku moja wa kwake nao watapunga.

Lakini aliogopa pangaboi, lile linalozunguka majini nyuma ya boti. Utotoni alimwona jirani yao akipandishwa ufukweni mguu wake umechanwa na pangaboi la injini, na picha ile haikumtoka. Kwa hiyo aliposikia kwamba kuna mjane anauza boti isiyo na pangaboi kabisa, boti inayovuta maji kwa chini na kuyatupa nyuma kwa nguvu mpaka yakaisukuma mbele, alisema moyoni, hii ndiyo boti ya mwenye watoto.

Mjane yule alikuwa na nyumba ndogo ya wageni ufukweni. Boti ilikuwa ya marehemu mumewe, aliyekuwa akiwatembeza wageni. Ilikuwa imetumika, rangi imepauka na viti vimepasuka, ila injini nzima. Fundi akainama, akaweka sikio. Akatabasamu. Mama yule alimwangalia, akamwambia:

"Mwanangu, injini sina wasiwasi nayo. Wasiwasi wangu ni mkono wako. Boti hii haina usukani mwingine ila yale maji inayoyatupa nyuma. Ukiona kitu mbele, ukashtuka, ukaachia mafuta kama mtu wa gari, hapo umeshaupoteza usukani. Zungusha utakavyo, itakwenda moja kwa moja kama gogo. Ili ikate kona, lazima mafuta yawepo."

"Nimeelewa, mama."

"Kuelewa ni kichwa. Marehemu aliiendesha peke yake muda mrefu, mpaka mkono wake ukasahau gari. Usimpakie mtoto kabla mkono wako haujasahau."

Fundi akacheka kwa heshima. "Mama, mashine ndizo zinazonilisha. Hii nayo tutaelewana."

Mjane hakubishana naye. Alimletea majaketi ya kuokolea, yale ya rangi ya chungwa waliyokuwa wakivaa wageni, akamwombea heri, wakaagana.

Jumamosi iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, fundi akaipeleka familia yake ufukweni. Mkami alikuwa amevaa gauni lake la Krismasi, kwa kuwa alikataa katakata kupanda boti ya baba na nguo ya kushindia. Mama yake akamvalisha jaketi, akakaza kamba zote mpaka mwisho. Kisha akafanya jambo moja la kimama. Alilishika jaketi lile mabegani, akalivuta juu. Likapanda, likapita kidevu, likafika masikioni, na mtoto akabaki chini anacheka ndani yake.

"Baba Mkami," akasema, "hili linamvuka."

"Kaza kamba."

"Nimekaza. Ni la mtu mzima."

"Ni mzunguko mfupi tu, na nitakwenda taratibu."

"Basi nenda wewe kwanza. Sisi tukae hapa tukupungie. Siku nyingine, tukishampatia la saizi yake, twende wote."

Lilikuwa neno dogo, nalo lilisemwa kwa upole. Na fundi, nawaambia ukweli, lilimwingia. Kwa muda mfupi aliliona jambo lile kama mkewe alivyoliona. Lakini binti yake alikuwa amesimama pale na gauni lake la Krismasi, anamtazama yeye. Na watu wa ufukweni walikuwa wanatazama. Akasema, "Mama Mkami, usiwatie watoto woga."

Mke akanyamaza. Ndugu zangu, mnaujua ukimya ule? Wanaume, mnaujua? Mtu akinyamaza namna ile, sisi hudhani amekubali. Hajakubali. Amechoka tu.

Wakapanda wote. Na mwanzoni, wapendwa, ilikuwa furaha. Sitaki kuwaficha hilo, kwa sababu ndilo lililomtesa baadaye. Mkami alicheka mpaka akapaliwa. Alipunga mkono kwa watu asiowajua. Aliuliza, "Baba, ni maji yanatusukuma?" na baba akamjibu, "Ni maji, mama, maji tu." Mke naye akaanza kutabasamu. Fundi alipoliona tabasamu lile, akaongeza mwendo kidogo.

Kwenye ghuba ile kuna miamba mikubwa imesimama majini. Walipokuwa wanaupita mmoja, ukatokeza nyuma yake mtumbwi, na ndani yake wanawake wawili wanarudi kutoka sokoni. Fundi akashtuka. Kichwa chake kilikuwa kinajua la kufanya, lakini mkono wake haukujua. Aliachia mafuta, akauzungusha usukani kwa nguvu zake zote.

Boti ikaenda moja kwa moja, kama gogo.

Iliukosa mtumbwi kwa urefu wa mkono mmoja tu, ikapanda jiwe lililokuwa limejificha chini ya maji. Mama alikuwa ameshikilia chuma cha ubavuni kwa mkono mmoja, na kwa mwingine amemkumbatia mtoto wake mchanga, naye akabaki ndani. Fundi kifua chake kiligonga usukani. Mkami akarushwa nje.

Baba yake akamrukia majini. Hakuhisi maumivu ya kifua, hakuhisi baridi ya maji. Alipoibuka aliona mbele yake ile rangi ya chungwa, inaelea juu ya maji, imetulia. Akasema, "Asante, Mungu." Alisema kwa sauti, mkewe alimsikia. Akaogelea, akaifikia, akalishika jaketi, akalinyanyua.

Lilikuja jepesi. Ndani hamkuwa na mtu.

Walimpata wale wanawake wa mtumbwi, mbali kidogo na pale, na walipompata ilikuwa imekwisha. Mmoja wao alivua khanga yake akamfunika, juu ya lile gauni.

Sasa sikilizeni, maana wengine mnadhani mfano umefika mwisho, kwamba mchungaji anataka kutufundisha habari za boti. Hapana. Huo ni msiba, na misiba tunayo. Ninalotaka kuwaambia lilitokea nyumbani, kwenye mkeka wa matanga.

Watu walikuja. Na sisi watu tukifika msibani tunakuwa na sentensi moja tumeibeba toka nyumbani. Mmoja akamshika fundi mkono akamwambia, "Pole sana, ndugu. Ni mapenzi ya Mungu." Mwingine akaja, "Mungu amechuma ua lake." Mwingine, "Siku yake ilikuwa imefika, hata angekuwa kitandani." Fundi alikuwa amekaa pale kifua kimefungwa bandeji, na ndani ya kifua kile alikuwa na sauti ya mkewe inayosema, linamvuka, linamvuka. Kila alipofumba macho aliisikia. Lakini watu walipomwambia ni mapenzi ya Mungu, ile sauti ilipungua. Akaona nafuu. Aliyeanguka shimoni akipewa kamba hushika, haulizi imefungwa wapi. Naye akaishika. Wageni wapya walipoingia, akawa ndiye wa kwanza kuwaambia: "Ni mpango wa Mungu. Tutafanyaje?" Watu wakatoka wanamsifu. Wakasema, imani ya yule baba ni kubwa.

Ila mke wake aliacha kusali. Ibada ya nyumbani ikianza, alimchukua mtoto mchanga akatoka nje. Chakula kikiombewa, alikaa macho wazi. Jumapili alibaki nyumbani. Hakulia, hakugombana na mtu, hakumwambia mumewe neno lolote kuhusu siku ile. Alipika, alifua, alinyonyesha. Watu wakaanza kunong'ona kwamba mama ameanguka, mama imani imemshinda, na bahati nzuri baba amesimama.

Usharika ukatuma mzee mmoja wa kanisa na mama mmoja wa umoja wa wanawake kwenda kuzungumza naye. Walikaa sebuleni asubuhi, fundi akiwa pembeni. Yule mama akasema kwa upole, "Binti yangu, tumekuja kama wazazi. Tunaona umemkasirikia Mungu."

Akajibu, "Sijamkasirikia, mama."

"Mbona basi husali?"

Alimhamishia mtoto titi la pili. Kisha akasema, "Katika nyumba hii, kila anayeingia ananiambia Mungu ndiye aliyemchukua mwanangu. Hata mume wangu ananiambia hivyo. Sasa, mama, nina mwingine hapa ananyonya. Nitamwitaje mtu aliyemchukua wa kwanza, aje hapa aliko wa pili?"



Na fundi, ambaye sikio lake lilijua kusikiliza mashine yoyote, alisikia kwa mara ya kwanza ni nini kilichoharibika, na nani aliyekiharibu. Aliona alichofanya. Siku ile ziwani alikuwa amempotezea mkewe mtoto kwa kukosea. Lakini huku nyumbani, bila kukosea, kwa kujua, ili yeye apate nafuu, alikuwa amemnyang'anya na Mungu wa kumlilia.

Akatoka kwenye kiti, akaketi chini, sakafuni, mbele ya mkewe. Akasema mbele ya wale wageni:

"Si Mungu, Mama Mkami. Ni mimi. Yule mjane aliniambia, na wewe uliniambia. Ulilivuta lile jaketi mbele ya macho yangu nikaona. Nililiona. Nikaona haya kurudi nyuma mbele za watu. Nimemsingizia Mungu kwa sababu sikuweza kuibeba hatia yangu."

Mke alimtazama muda mrefu, na fundi hakujua kama atampiga au atamfukuza, na alikuwa tayari kwa yote mawili. Ndipo akavuta khanga akajifunika uso, na kile kilio kilichokuwa hakijatoka tangu ufukweni kikatoka. Na katikati ya kilio kile watu wakasikia neno ambalo hakuwa amelitamka tangu siku ile. Alisema, "Mungu wangu. Mungu wangu."

Alikuwa amerudishiwa.

Siwezi kuwaambia kwamba baada ya hapo mambo yalikuwa mema. Kulikuwa na miezi walilala kila mmoja na ukuta wake. Kuna maswali alimuuliza mumewe ambayo hayana jibu, na fundi alijifunza kukaa nayo bila kukimbilia maneno. Mkami hakurudi. Wanaishi mpaka leo na kiti kimoja mezani ambacho hakuna anayekikalia. Lakini wanasali, na wanapomlilia Mungu wanalia kwa mtu anayelia pamoja nao, si kwa mtu aliyewaibia.

Ndugu zangu, sisi je? Sisi tuliozikana mwaka huu, tumesema nini juu ya makaburi? Dereva anaendesha amelewa, anaua abiria, nasi tunasimama tunasema, Mungu amewapenda zaidi. Mama mjamzito anacheleweshwa nyumbani kwa sababu mume yuko kwenye mabishano na wakwe, anafia njiani, nasi tunasema, siku yake ilifika. Tunamwandikia Mungu mashtaka ambayo ni ya kwetu, kisha tunashangaa kwamba vijana wetu hawamtaki. Wamtake wa nini? Tumewaonyesha muuaji, tukawaambia huyu ndiye baba yenu.

Sisemi kila msiba una mkosaji. Kuna mauti ambayo hatujui imetoka wapi, na hapo tunyamaze, tukae chini na mwenye msiba, tulie. Lakini pale tunapojua, tuseme. Inauma. Fundi yule ilimuuma kuliko mbavu zake. Ila hakuna msamaha wa kosa ambalo umelipachika jina la mwingine. Utasamehewa nini, na umesema si wewe?

Sasa hivi tutaimba, na watakaokuja mezani pa Bwana watakuja. Kabla hujasimama, tazama nyumbani kwako. Inawezekana yuko mtu kule, mke, mume, mtoto, mama mzazi, ambaye ameshindwa kusali kwa sababu wewe ulifanya jambo na ukasema ni Mungu. Kama yupo, usije mbele. Toka kwa mlango ule wa nyuma, uende. Hatutakucheka, wala hatutakuuliza unakwenda wapi. Meza haihami. Tutakusubiri.