Kamba Moja Mtoni

Jumamosi, tarehe 16 Novemba 2002, saa nane na dakika kumi mchana, Landrova ya kijani ilisimama katikati ya mto wa mchanga nje ya Masii. Mtoni hamkuwa na maji. Manyunyu yalikuwa yakianguka tangu asubuhi, na kingo zote mbili zilikuwa tope tupu. Mchanga pekee ndio uliokuwa tambarare, kwa hiyo Kilonzo akaamua hema lipigwe papo hapo.

Mkewe, Pauline, mwalimu wa hesabu, hakuafiki. "Kilonzo, huu ni mto."

"Mto ni maji. Maji yako wapi?"

Gari lile Kilonzo alilikuta kutu tupu nyuma ya gereji, akalifufua kwa miaka mitatu, nati baada ya nati. Alilitunza kama mboni ya jicho. Hata sasa alikuwa akipangusa tope mlangoni.

"Shemeji, gari hili limekula sabuni kuliko watoto wako," alisema Nzau, mdogo wake Pauline, aliyekuja nao kupumzika.

"Watoto hawapandi milima."

Hatua chache kutoka hapo, mama mmoja aitwaye Kamanthe alikuwa akichota maji katika kisima kilichochimbwa mchangani na kujaza madumu ya punda wake. Aliwatazama wakifungua hema, akashindwa kunyamaza.

"Nyinyi mko na nyumba na mnalala mtoni? Nani amewafukuza?"

"Tunastarehe, mwaitu," Nzau alijibu, akimwita mama kwa Kikamba.

"Basi starehe iwe na miguu. Huko Kathiani mvua ni kubwa, na huu mto haupigi hodi."

Akamswaga punda wake na kuondoka. Dumu moja lilikuwa bado tupu, na Pauline aliliona. Mtu aliyetembea mwendo wa saa nzima kufuata maji haachi dumu tupu bila sababu. Alitazama upande wa Kathiani. Vilima havikuonekana, palikuwa na wingu jeusi kama chungu.

Ilimchukua nusu saa kumshawishi mumewe. Kilonzo alipokubali na kuwasha gari, magurudumu yalichimba mchanga yakazama hadi nusu. Walikuwa na kamba moja tu, ya nailoni, mita thelathini. Waliifunga kwenye gari, wakaikaza kwa winchi ya mkono, mashine ya kuvutia kamba, iliyofungwa kwa mnyororo wake kwenye mti wa mgunga ukingoni. Kilonzo na Pauline walivuta winchi huku Nzau akisukuma mawe chini ya magurudumu ya nyuma. Gari lilisogea kwa mwendo wa kinyonga. Saa tisa na dakika ishirini, magurudumu ya mbele yalikuwa yamebakiza shubiri moja kufika kwenye mwamba uliochomoza kwenye tope la ukingo.

Ndipo waliposikia mlio kama wa lori linalomwaga kokoto.

"Nzau, toka!" Pauline alipiga kelele.

Maji ya rangi ya udongo yalipinda kona yakisukuma matawi mbele yake. Yalimfika Nzau magotini, yakamng'oa miguu, yakamchukua hatua ishirini hadi kwenye kisiki. Akakikumbatia.

"Kamba! Fungua kamba!"

Mkono wa Kilonzo ulibaki kwenye winchi. "Mara mbili tu, Pauline. Nivute mara mbili, gari likae mwambani, halafu..."

"Halafu nini? Yalikuwa kifuani. Sasa yako shingoni!"

Kilonzo alitazama gari, kisha kichwa cha shemeji yake. Pauline alihesabu: moja, mbili, tatu. Alipofika nne, Kilonzo aliachia winchi.

Kamba ililegea, gari likarudi nyuma. Kilonzo aliingia majini hadi kiunoni akaifungua kwenye gari. Pauline akaifungua kwenye winchi. Walikimbia ukingoni wakiteleza na kuinuka. Kilonzo alitupa kamba, ikaanguka karibu. Akatupa tena, maji yakaisukuma kando. Mkono mmoja wa Nzau ukateleza kutoka kisikini.

"Juu yake! Tupa juu yake!" alisema Pauline.

Mara ya tatu kamba ilimwangukia begani. Nzau akaizungusha mkononi. Wakamvuta, visigino vyao vikichimba tope.

Saa kumi kasoro dakika tano, Nzau alikuwa amelala ukingoni akitapika maji ya mchanga. Kidole kimoja cha mkono wa kushoto kilikuwa kimevunjika.

"Shemeji," alisema akitetemeka, "gari liko wapi?"

Kilonzo hakugeuka kulitazama. Alikuwa amekamata ukosi wa shati la Nzau kwa mikono miwili, kana kwamba mto ungerudi kumdai. Pauline ndiye aliyeliona, paa la kijani likizunguka polepole kwenye kona. Saa kumi kamili paa lilizama.

Heri nusu shari kuliko shari kamili.