Mshipa wa Baba Mkwe

Daktari hana mkwe. Jana mlipiga kelele hiyo uwanjani, refa alipomwonyesha shemeji yake kadi nyekundu, na leo mnaniuliza imetoka wapi. Basi mmegonga mlango wenyewe. Methali hii ilianza hivi, na mjinga wa siku hiyo nilikuwa mimi. Wengine wote waliokuwamo walikuwa na akili zao.

Bibi yenu Subilaga hakuanza na udaktari. Nilimwoa akiwa mwalimu wa hesabu kule Tukuyu. Tulipohamia Ujerumani, mimi nikapata kazi ya kupakia mizigo ghalani, yeye akawa anafanya usafi katika nyumba ya kutunzia wazee. Vikongwe wa kule wakawa wanamshika mkono na kumweleza maumivu yao, wakimwacha muuguzi amesimama na dawa zake. Jioni moja akaniambia, "Gwamaka, nataka kusomea udaktari." Alikuwa ameshapita miaka thelathini. Nikamwambia akimaliza atakuwa ameshazeeka, na mgonjwa wake wa kwanza atakuwa yeye mwenyewe. Hakucheka. Aliomba chuo, akakataliwa, akaomba tena, akapata.

Alikuwa mwaka wa tatu baba yangu, Mzee Ambilikile, alipokuja kututembelea. Sasa nyinyi mmezaliwa juzi, hamjui. Kwetu Unyakyusa mkamwana alikuwa hamwangalii baba mkwe usoni. Hampi mkono, haketi naye, wakikutana njiani mwanamke anaacha njia. Tulisema "anamwogopa mkwe", na hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake. Kijijini kuna migomba ya kujificha. Sisi tulikuwa na vyumba viwili na korido ya kupita mtu mmoja. Baba akitaka kwenda msalani, anakohoa. Subilaga anakimbilia jikoni na kufunga mlango. Salamu wanapeana kwa kupitia mbao. Mimi nilisimama katikati kama askari wa barabarani.

Jumamosi moja, Subilaga akiwa mafunzoni katika hospitali ya mji mwingine, baba akaniita. Uso ulikuwa umemjaa jasho, na nje theluji ilikuwa inaanguka.

"Mshipa umenikaza," akasema.

Nikampeleka hospitali. Kijerumani changu kilikuwa cha ghalani: inua, shusha, angalia kidole. Daktari akauliza tatizo ni nini. Baba akanong'ona, "Mwambie mshipa," akaelekeza kidevu chini, upande wa mguu wa kulia. Nami nikamwambia daktari: ana tatizo la mshipa wa damu mguuni. Baba akakunja suruali mpaka gotini, zaidi ya hapo akakataa. Wakautazama mguu, wakaubonyeza, wakasema uinuliwe juu ya mto. Baba akaapa harudi huko tena, mimi nikarudi nyumbani kifua mbele. Nimetafsiri.

Kesho yake mchana Subilaga akarudi. Kabla hajavua koti akasikia baba anatapika chumbani.

"Ana nini?"

"Mshipa. Tumeshakwenda hospitali, usiwe na wasiwasi."

"Mshipa gani? Kwa Kijerumani ulisemaje?"

Nikamwambia nilivyosema. Begi likamtoka mkononi.

"Gwamaka, mzee wa kwetu akisema mshipa, anasema damu?"

Hapo ndipo nilipozinduka. Neno lile nimelijua tangu nikiwa mtoto. Mshipa ni ngiri. Utumbo unashuka kwenye kinena, na kwa kuwa wazee wanaona haya kupataja mahali penyewe, wanasema mshipa, na kila mtu anaelewa. Nililielewa Tukuyu miaka yote, nikashindwa kulielewa mbele ya mtu mwenye koti jeupe.

"Utumbo ukinasa pale, unakosa damu," Subilaga alisema kwa sauti ndogo. "Ukikosa damu unaoza. Nenda kamuulize kama ametoa upepo tangu jana."

"Upepo gani?"

"Wa chini."

Nikaenda. Jamani, yule ni baba yangu. Nikasimama mbele yake, nikasema, "Baba, Subilaga anauliza kama unapata hewa."

"Hewa ipo," akajibu akiwa amefumba macho. "Dirisha li wazi."

Nikarudi na jibu langu. "Anasema ipo."

Nilimwona Subilaga akishusha mabega. Alishika hata kikombe apoze koo. Kisha chumbani baba akaguna, mguno wa mtu anayejaribu kuuficha akashindwa, na Subilaga akanigeukia taratibu.

"Alisemaje? Neno kwa neno."

"Alisema dirisha li wazi."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alienda kwenye sinki akaanza kunawa mikono, na maji yakatiririka muda mrefu mno. Alikuwa hajawahi kumpima mgonjwa bila mwalimu wake kusimama nyuma.

"Nikikosea," akasema, "nitakuwa mwanamke aliyemvua baba mkwe wake nguo bure. Hakuna ukoo utakaonipokea tena."

"Basi tupige simu, waje wao."

"Waje wamwone nani? Jana aliwaonyesha goti. Mwenyewe ameshasema harudi huko." Akafunga maji. "Fungua mlango, Gwamaka."

Nikafungua. Baba alipoona ni nani anaingia, alivuta shuka mpaka kichwani.

"Gwamaka, mtoe mkeo."

Sikujua nimtoe nani. Chumba kilikuwa na ile harufu chachu ya matapishi, na chini ya shuka kifua cha baba kilipanda na kushuka haraka kama cha kuku aliyekimbizwa.

Subilaga akapiga magoti kando ya kitanda, macho chini, kama anayesalimia.

"Baba, upepo umetoka tangu jana?"

Kutoka chini ya shuka: "Haujatoka."

"Na haja kubwa?"

"Toka, mama. Niache nife vizuri."

"Baba, unaogopa kufa, au unaniogopa mimi?"

"Nakuogopa wewe."

"Mimi pia nakuogopa. Tuogope sote wawili, Baba, lakini shuka ishuke."

Sikuona mkono upi uliivuta shuka ile. Mpaka leo hakuna aliyekiri. Mimi niligeukia ukuta. Nikamsikia Subilaga akisema, "Nimeona. Sibonyezi. Funika." Alipopiga simu sauti yake haikuwa na hata chembe ya mtetemeko. Uvimbe mkubwa kinenani, mwekundu, mgonjwa anatapika, hapitishi upepo. Ambulensi ilifika kabla sijapata soksi za baba.

Wakamwingiza upasuaji. Koridoni Subilaga alikaa na mikono katikati ya magoti. Kila mlango ulipofunguliwa alisimama. Mimi nilikuwa namwomba Mungu, na katika maombi nilikuwa makini sana na maneno, nisije nikatafsiri vibaya tena. Hatimaye mpasuaji akatoka, akasema utumbo ulikuwa umeanza kubadilika rangi lakini umerudi kuwa hai. Wangechelewa kidogo, wangekata. Wangechelewa zaidi, wasingekuwa na wa kumkata. Subilaga akamshukuru, akaenda chooni, akalia.

Habari zikafika nyumbani kabla baba hajatolewa nyuzi. Baba mdogo Asajile akapiga simu, na kwa kuwa baba alikuwa hawezi kuinua mkono, nikaweka sauti juu, wodi nzima ikasikia. Subilaga alikuwa nje ya pazia.

"Kaka, ni kweli mkwe amekuona?"

"Kweli."

"Hilo jambo lina ng'ombe. Atoe, tuusafishe ukoo."

"Atoe kwa kosa gani?"

"Unaniuliza kosa? Mkwe amekuvua nguo. Na usinitajie udaktari. Hajamaliza hata chuo. Kwetu sisi ni mkwe."

Baba akakusanya pumzi, maana kuongea kulikuwa bado kunamuuma.

"Asajile, mkwe angeniacha nife na heshima yangu. Aliyeingia alikuwa daktari, na daktari hana mkwe."