Uji Ulioitwa Mtamu

Wapendwa, tumshukuru Mungu wetu aliyemlinda Danieli siku tatu tumboni mwa samaki, naye atatulinda na sisi. Amina? Asanteni, kaeni sasa. Kina mama wenye watoto wachanga, sogeeni huku penye upepo, maana mfano wangu wa leo si mrefu na sitaki umpite mtu.

Kulikuwa na mwalimu mmoja wa darasa la sita, mwanamke hodari, aliyelipenda darasa lake kweli kweli. Alikuwa akianza neno, watoto wanalimalizia. Anasema mimea hutengeneza chakula kwa mwanga wa ju..., nao wanavuta ile "aaa" mpaka barabarani. Halafu anauliza kama wameelewa, na darasa zima linaitika ndiyo mwalimu, bati linatetemeka. Nani kati yetu hakusoma hivyo? Wakaguzi walikuja wakaondoka wakitabasamu, na matokeo yakitoka darasa lake ndilo la kwanza kata nzima. Mama wa watu alikuwa na haki ya kujivuna, na alijivuna.

Ndani ya darasa hilo alikuwamo binti yake wa kumzaa, tena mtoto wa pekee. Siku moja, katikati ya kuitikia, yule mtoto akanyoosha mkono.

"Mwalimu," akasema, maana shuleni alikatazwa kumwita mama, "mito inaingia baharini na haina chumvi. Bahari imeitoa wapi chumvi yake?"

Mwalimu hakuwa na jibu, na macho yote yalikuwa usoni pake. Ninyi mngefanya nini? Yeye alihisi anavuliwa nguo mbele za watu, tena na mwanawe.

"Swali hilo litakuja kwenye mtihani?"

"Sijui, Mwalimu."

"Basi kaa chini, usitupotezee muda."

Darasa likacheka. Mtoto akakaa, na tangu siku ile mkono wake haukunyooka tena. Mama yake aliona amemfunza adabu, akafurahi.

Sasa shule ile ilikuwa na desturi yake ya uji wa saa nne. Mwalimu wa zamu huonja wa kwanza mbele ya mstari, kisha huuliza, "Uji wa leo?" Watoto hujibu, "Mtamu," ndipo wanakunywa. Ilikuwa kama sala. Wiki moja zamu ilikuwa yake, naye alikuwa na mafua makali, pua imeziba, ulimi hauonji kitu. Akaona uji una wekundu kidogo, akadhani jikoni wamechanganya ulezi. Akapiga funda moja, akauliza. Watoto wakaitika, na siku ile aliona wameitika vizuri kuliko siku zote.

Kumbe mtunza stoo alikuwa amepeleka mashineni gunia silo. Lilikuwa la mbegu ya shamba la shule, yale mahindi yaliyopakwa dawa ya wadudu, mekundu, ambayo hata kuku hatupiwi.

Haikufika adhuhuri watoto walianza kutapika. Binti yake alianguka mlangoni mwa darasa, povu mdomoni, macho yamegeuka. Mwanamke yule akambeba mgongoni, akakimbia naye hadi zahanati, viatu akaviacha njiani, akimwahidi Mungu kila alichonacho ili mtoto asife.

Watoto wote walipona. Msipige makofi, sijamaliza.

Jioni binti alipofumbua macho, mama alikuwa ameushika mkono wake, akilia kwa furaha na kumlaani mtunza stoo. Mtoto akasema polepole, "Mimi nilisikia harufu ya dawa, mama. Wote tulisikia."

Mama akadhani ni homa inamsemesha. Akamuuliza, kama ni hivyo, mbona alikunywa.

"Uliuliza, tukajibu mtamu. Halafu ikabidi tunywe."

"Na mbona hukuniambia, mwanangu? Mimi si mama yako?"

"Pale ulikuwa Mwalimu."

Wapendwa, yule mama aliuachia ule mkono. Machozi yalikatika palepale. Asubuhi ile uwanja mzima wa shule ulijaa watoto wenye pua zao, wote wanajua, na hakuna hata mmoja aliyejua namna ya kusema. Yeye ndiye aliyewafunza hivyo, na kwa kazi hiyo alisifiwa.

Naona mnatikisa vichwa. Wengine mnamwonea huruma, wengine mmemkasirikia. Ngojeni kwanza. Niliposimama hapa nilisema Mungu alimlinda Danieli siku tatu tumboni mwa samaki. Danieli alitupwa kwenye tundu la simba. Aliyemezwa na samaki ni Yona. Nanyi mliitika Amina, na mzee wetu hapa mbele aliitika mara mbili. Waliojua kwamba nimekosea, inueni mikono, msiogope.

Geukeni mtazame. Tazameni mikono ilivyo mingi. Mlisikia harufu, ndugu zangu, na mkanywa.

Na watoto wetu wamekaa pale pembeni, wametusikia tukiitika. Hivyo ndivyo tunavyowasomesha, shuleni, nyumbani na humu ndani. Kesho hao ndio watakaotutibu na kututungia sheria, na sumu ikipita mbele yao wataitika kwa sauti nzuri kama walivyozoea. Inanitisha, siwafichi. Mungu hakumpa mtoto pua ili aizibe mbele ya mkubwa. Akikuuliza leo njiani bahari imetoa wapi chumvi, na hujui, mwambie hujui, kisha mkatafute pamoja.

Kwa hili sitawaomba Amina. Nitanyamaza sasa, na watoto ndio wataanza. Nani ana swali?