Kwa Nini Huko Mwambale Mwalimu Hushukuru Kwanza

Sogeeni basi. Wa mbele kaeni chini, wa nyuma waone. Mmeniuliza kwa nini hapa pwani ya Mwambale, anayefundisha kupanda mawimbi ndiye anayemshukuru mwanafunzi, tena mwanafunzi mwenyewe hata nywele hazijamkauka. Mmecheka kweli mlipoona. Haya, malizeni kucheka, kisha mnisikilize.

Zamani sana haikuwa hivyo. Watu wa hapa walikuwa wakipanda mawimbi kwa mbao za mshelisheli, mti mwepesi usiozama, lakini aliyejua alijua peke yake. Mawimbi ni yale yale, walisema, kwa nini nijiongezee mtu wa kugombea naye? Aliyebahatika kufundishwa alipiga magoti, akashukuru mpaka ulimi ukamkauka, na mwalimu akaitikia kwa kidevu tu.

Katika wapandaji wote hakuna aliyemfikia Kazija binti Vuai. Akisimama juu ya wimbi, wanawake waliokuwa wakichota maji kisima cha pwani waliweka mitungi chini wakamtazama. Hakuwahi kumfundisha mtu hata mmoja, wala hakuona haya. Kisha siku moja wimbi likambwaga mwambani, goti likavunjika. Waganga walilifunga likapona, ila halikukunjika tena. Kutembea alitembea, hata kuingia majini aliweza. Kuinuka juu ya ubao, ndiyo basi.

Jamani, huzuni ile! Mwaka mzima Kazija alikaa ndani ameipa bahari kisogo. Kila wimbi lilipopiga, aliona kama anaitwa kwa jina na hawezi kutoka. Mwisho akasema yaishe. Akaubeba ubao wake kichwani, akaenda nao kwa Ngwali, mpika haluwa, maana haluwa inakula kuni na Ngwali hakukataa kipande chochote.

"Uchanje," akamwambia. "Sitaki kuuona tena."

Ngwali alikuwa mtu wa miaka hamsini, kitambi mbele, na miaka thelathini alikuwa mbele ya moto akikoroga. Bahari aliijua kwa vifundo vya miguu tu. Alinyanyua shoka, akapitisha kiganja juu ya ubao ule uliolainika, akaliweka shoka chini.

"Bi Kazija, mimi tangu nizaliwe ni moshi na jasho. Nifundishe. Nipe siku saba. Nisiposimama, siku ya nane nauchanja, na haluwa yake nakuletea mwenyewe."

Kazija alikitazama kile kitambi. Akaona ubao umeshakuwa majivu.

"Haya, siku saba. Usije ukalia tu."

Wee! Siku ya kwanza Ngwali alimeza chumvi ya kutosha kuungia mchuzi wa harusi. Akianguka mbele, akianguka nyuma, akianguka ambako hata hakuna wimbi. Mara moja ubao ulifika pwani peke yake, na wanawake wa mitungi wakaupigia makofi ubao. Kazija alisimama majini mpaka kifuani, ameushika ubao kwa nyuma, anapiga kelele: "Bado! Bado, we Ngwali!" Naye Ngwali keshainuka, keshaanguka.

Siku ya tatu Kazija alijikuta amefika pwani kabla ya mwanafunzi wake. Siku ya tano alikuwa akiigombeza bahari kwa ajili yake. Siku ya sita alirudi nyumbani akihesabu: imebaki siku moja. Mwenye kuliogopa lile shoka sasa alikuwa yeye.

Siku ya saba Ngwali alianguka asubuhi nzima. Maji yakaanza kupwa, na mawimbi yakawa yanapungua moja moja. Kazija akaukamata ubao.

"Ngwali, haluwa yako unaiepua wakati gani?"

"Ikianza kuachia sufuria, bibi. Mwiko wenyewe unaniambia."

"Na ukiiwahi?"

"Inakuwa uji."

"Sasa mbona siku saba unanipikia uji? Ngoja. Wimbi likikushika utasikia mkono wangu haupo tena. Hapo ndipo uepue!"

Wimbi likaja. Kazija akasukuma, ubao ukamtoka mkononi. Ngwali akangoja. Ee Mola, akangoja! Kisha akainuka, magoti yamekunjwa, mikono imetandazwa, kitambi mbele, kinywa wazi, akaenda, akaenda mpaka ubao ukagusa mchanga. Na kule majini Kazija alihisi miguu yake yote miwili imekunjika, hata ule mbovu. Alipiga vigelegele huku analia, kanga ya kichwani imechukuliwa na maji wala hana habari.

Ngwali akarudi mbio kwa Kazija, anajikwaa, shukrani zimemjaa kinywani. Kazija akamwahi.

"Ahsante, Ngwali."

"Ahsante ya nini tena, bibi? Wa kushukuru si mimi?"

"Nyamaza wewe! Miaka yote niliyopanda mawimbi sijapata kufurahi hivi. Nilidhani furaha yangu imekwisha. Kumbe nusu yake nilikuwa sijaigusa, na wewe ndiye umenipa."

Akainamisha kichwa mbele ya mpika haluwa, kadamnasi ya watu, yeye Kazija binti Vuai. Kesho yake mmoja wa wale wanawake aliweka mtungi chini akamwambia Kazija, nami nifundishe, na siku aliposimama akashukuriwa vilevile.

Na tangu siku hiyo, hapa kwetu mwalimu hushukuru kwanza. Mwanafunzi akitangulia, tunamrudisha majini aanguke tena. Wageni hudhani tunawatania. Nyinyi nimewasimulia kwa kuwa mmeniomba, lakini naona bado mnanitazama tu. Si neno, jambo hili halijulikani kwa kusikia, mpaka ufundishe. Yule pale ukingoni mwa maji amekuja tangu jana na anaogopa kulowa. Inukeni, mmoja wenu akamshikie ubao.